Aniombe Mwenyewe kwa Kinywa Chake

Harufu ya pasi ya mkaa juu ya nguo iliyotiwa wanga wa muhogo hunirudisha Mtoni hata leo. Baba hakumwachia mtu yeyote kazi ya kupiga pasi nguo zake. Aliyapuliza makaa mwenyewe nyuma ya nyumba, macho yakimtoka machozi kwa moshi, kisha akaitandaza suruali yake nyeupe juu ya blanketi mezani, akaipulizia maji kwa kinywa, na chumba kizima kikajaa mvuke wenye harufu ya muhogo na jivu. Alikuwa karani wa forodha bandarini. Alitoka Songea na Kiingereza chake cha misheni, na Kiingereza hicho kilimpa heshima ambayo pale mtaani hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kando ya Barabara ya Kilwa tuliishi mchanganyiko wa kila aina: Wazaramo na watu wa pwani waliozaliwa hapo, na sisi wa kuja, Wangoni, Wamakonde, Wamwera, Wanyamwezi. Mtu akiitwa bomani alimpitia Baba kwanza. Wote walimwita Karani, na mimi, Sabina binti Karani, nilitembea shingo juu.

Mama alikuwa mkunga wa zahanati. Nusu ya watoto niliocheza nao walipokelewa na mikono yake. Mwaka mmoja, miaka michache kabla ya uhuru, serikali ya Waingereza iliruhusu kwa mara ya kwanza baadhi ya Waafrika wapige kura, wale waliokuwa na elimu au kipato fulani, na Mama akaandikishwa kwa cheti chake cha ukunga. Sheria ya wakati huo ilikuwa ya ajabu: kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa hiyo ghafla, Mzungu aliyezoea kutupita na gari lake huku tunakula vumbi alizihitaji kura za Mtoni. Wagombea wa Kizungu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mwenye shamba la mkonge ambaye sisi tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu ya kofia yake pana isiyovuliwa hata kivulini. Alipotaka mtu wa kumfasiria hotuba, mkubwa wa Baba kazini, aliyekuwa rafiki wa Bwana Kofia, akampa Baba.

Baba alirudi na habari hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo. Mama alikuwa anachambua mchele, akauliza bila kuinua macho, "Kwani Bwana Kofia hajui Kiswahili? Si amekaa nchi hii tangu Sabina hajazaliwa?"

"Anakijua," Baba akasema. "Lakini haya ni mambo ya serikali, Mama Sabina. Mambo ya serikali yana lugha yake."

"Anayeomba kura yangu aniombe mwenyewe kwa kinywa chake."

Baba akacheka. "Ukianza hivyo hutamaliza. Leo unataka Kiswahili. Kesho Mmakonde atataka aombwe kwa Kimakonde, na mjomba wako kwa Kingoni. Mgombea atakuwa na vinywa vingapi?"

Mama akauweka ungo chini. Nakumbuka sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Kiswahili hiki si changu wala si chako, Baba Sabina. Tumekikuta hapa. Mmakonde ameacha chake nyumbani akachukua hiki, nasi tumeacha chetu tukachukua hiki, ili tuelewane. Hata huyo naye ni mtu wa kuja kama sisi. Basi na yeye aache chake nyumbani." Baba akainuka. Alikwenda kuwasha makaa ya pasi.

Mkutano ulifanyika alasiri katika uwanja karibu na soko. Watu walifurika, wenye kura na wasio nazo, kwa maana habari ya nyumba zetu kubomolewa ili kupanua barabara ilikuwa inavuma, na kila mmoja alitaka kusikia. Mimi nilikaa mkekani mbele pamoja na Mama na jirani yetu Bi Mwanaidi, mwanamke wa pwani, mtu mzima, ambaye ulimi wake uliogopwa kuanzia Mtoni mpaka Mbagala. Bwana Kofia alisema Kiingereza sentensi ndefu, Baba akazifasiri kwa sauti nzuri kama ya mhubiri. Nilikuwa nimeanza kujifunza Kiingereza shuleni, shule ambayo ukinaswa unasema Kiswahili uwanjani unafagia, na kifua kilinijaa kumwona baba yangu akizimeza zile sentensi na kuzitoa upande wa pili bila kukwama. Ndipo Mama akasimama. Nikavuta kanga yake kumtaka aketi. Hakuketi.

"Bwana," akasema, "shambani kwako huwa unasema na watu kwa lugha gani?"

Uwanja ukacheka kidogo, kisha ukamgeukia Baba, maana wote walijua huyo ni mke wake. Baba akalifasiri swali. Bwana Kofia akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza, na katika jibu lile nikashika neno moja tu, lenye maana ya jikoni. Nikaona uso wa Baba umebadilika. Bwana Kofia akamwinamia na kumnong'oneza jambo. Baba akaufuta uso kwa leso, akatugeukia.

"Anasema Kiswahili anakijua," akasema kwa sauti ile ile ya kufasiri, "ila ni lugha ya jikoni na ya kuamrisha vibarua. Haiwezi kubeba mambo ya serikali." Akavuta pumzi. "Na sasa hivi ameniambia nisiwaambie hivyo. Niwaambie kwamba swali la mama huyu ni zuri na atalijibu siku nyingine."

Tulikuwa kama watu waliochapwa kofi. Kisha Bi Mwanaidi, bila kuinuka mkekani, akapaza sauti: "Karani! Mwambie basi chakula chetu chote kinapikwa humo jikoni. Akitaka kula aingie, na akitaka kura aingie humo humo!"

Uwanja ulilipuka. Watu walipigana viganja, vigelegele vikapanda, wazee wakajifuta machozi kwa kucheka. Baba alijaribu kumfasiria Bwana Kofia, akaanza, akarudi nyuma, akaanza tena, akashindwa, kwa kuwa kula na kura hazifanani kwa Kiingereza na utani wote ulikuwa hapo. Akaishia kucheka mwenyewe jukwaani, mabega yakitikisika, na Mzungu kando yake hajui anachekwa kwa lipi. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda dakika ile.

Jumatatu mkubwa wake alimwita. Akatolewa ofisini akapelekwa ghalani kusimamia magunia, na zile nguo nyeupe zikawa zinarudi na vumbi la nazi kavu. Mama aliumia. "Nimekuponza," akamwambia jioni ya Jumatatu ile, akimwekea maji ya kuoga.

"Hujaniponza," Baba akasema. "Miaka yote nilidhani kazi yangu ni kumpendezesha mkubwa. Juzi ndiyo mara ya kwanza nimefasiri kweli."

Haikupita muda akaja mgombea wa pili wa kiti kile cha Mzungu, mwanasheria kijana, mwekundu kwa jua, hana hata miaka miwili nchini. Habari za uwanja wa sokoni zilikuwa zimemfikia. Alibisha hodi kwetu na kumwomba Baba awe mkalimani wake. Baba akamkatalia. "Utasema mwenyewe," akamwambia. "Mimi nitakufundisha." Basi kila Jumamosi alasiri yule kijana alikaa barazani kwetu akitafuna mihogo ya kuchoma na kutafuna maneno yetu, Baba akimrudisha nyuma bila huruma kama mwalimu wa katekisimu, na Mama akipita na kumsahihisha kwa kicheko. Kiswahili chake kilikuwa kibaya, tena kibaya sana, lakini hakuchoka.

Siku yake ilipofika alipanda jukwaani peke yake. "Ndugu zangu," akasema, "nimekufa kuwaomba kura!"

Watu waliangua kicheko. "Nimekuja, mwanangu!" Bi Mwanaidi akampigia kelele. "Ukifa tutampa nani?" Akawa mwekundu zaidi, akacheka na yeye, akasema upya, "Nimekuja," na uwanja ukamshangilia kana kwamba amevuka mto. Akaendelea, akiangukia ngeli hii na kujikwaa kwenye ile, lakini tulimwelewa. Alipouliza kama kuna swali, akasimama Mzee Nankonda, Mmakonde aliyefanya kazi ya kupakua meli. Nilimjua tangu nipate akili na sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu, kwa sababu vijana wa mjini walikuwa wakimwiga lafudhi yake. "Kama Mzungu anakivunja na hajafa," akasema, "na mimi nitasema. Nyumba zetu mtabomoa? Sema ndiyo, sema hapana."

Hakuna aliyemcheka. Kijana akatafuta maneno, akasema, "Sijui. Nitauliza. Nitarudi." Wiki iliyofuata alirudi kweli, akamtafuta mzee yule mbele ya watu wote na kumjibu: barabara itapanuliwa kwa upande wa pili, nyumba zitabaki. Baada ya hapo Wamakonde wengine walianza kusimama, kisha Wamwera, kisha wanawake ambao hata kura hawakuwa nayo.

Siku ya kupiga kura Mama alivaa gauni lake la zahanati, Baba akaitia wanga suruali ambayo ghala lilikuwa limeshaiharibu, wakaenda pamoja kwa miguu. Matokeo tuliyasikia kwenye redio ya duka la jirani. Bwana Kofia alishindwa vibaya na yule mwanasheria kijana. Barabara ya Kilwa ilijaa ngoma mchana ule. Mzee Nankonda alicheza, Bi Mwanaidi akamtunza kanga yake, na Mama, mwanamke mpole, alipiga kigelegele ambacho nilidhani kitampasua koo. Baba alikaa ghalani mpaka uhuru ulipokaribia. Alipoitwa kurudi ofisini, aliitwa kukalia kiti cha yule yule aliyemtoa.

Sasa naishi Goba, mlimani, na majirani zangu wametoka kila kona ya nchi kama zamani. Wagombea hutujia na vipaza sauti vikubwa na muziki wa vijana. Juzi alikuja mmoja akatuahidi maji, ahadi niliyokwisha kuisikia kwa wawili waliomtangulia. Kabla hajamaliza, binti anayeuza chipsi hapo njia panda alisimama, aproni kiunoni, akamuuliza bomba litaanzia wapi na lini. Yule bwana akaanza kuchanganya Kiingereza cha ofisini. "Braza," binti akamkatiza, "sema tuelewe." Watu wote wakapiga makofi, akalazimika kurudi kwenye Kiswahili, na kwenye Kiswahili hakuwa na pa kujificha. Sisemi kwamba siku hizi hatudanganywi. Tunadanganywa, lakini tunadanganywa kwa lugha yetu, na tunamshika mtu hapo hapo akiwa bado amesimama.