Kimasharubu: Ndugu Wawili na Neno Lao

Jina la Masharubu walilirithi kwa babu yao, na ndugu wawili hawa ndio walioliingiza kwenye sinema. Kaka alipiga video za harusi, mdogo akazikata na kuziunga. Siku moja kaka, msahaulifu kupindukia, alikwenda kula akaacha kamera imewaka. Ikanasa viti vitupu na bibi harusi kajiinamia, kavua viatu. Mdogo badala ya kukitupa kipande hicho akakiacha dakika nne nzima. Watu walilia. Tangu hapo wakawa wanafanya makusudi, na mji mzima ukashika msemo: "Usiniage kimasharubu," yaani usiniache nikikodolea kiti kitupu.

Sifa zilipokuja, ugomvi ukaja nazo. "Wazo langu," kaka akasema. "Wewe ulisahau tu kuzima," mdogo akajibu, "mimi ndiye niliyeona." Maneno yakazaa maneno, kaka akafungasha virago akahamia mji mwingine. Miaka minane sasa mdogo anaongea na redio. Anamkumbuka kaka yake mpaka kifua kinauma, ila kupiga simu, thubutu yake.

Juzi asubuhi akaja mama mmoja mtunga kamusi, na daftari lake. "Neno lenu tunaliingiza. Mtindo huu ulianza na nani? Nafasi ni ya mtu mmoja."

Akisema ni kaka, ugomvi umekwisha. Akisema ni yeye, jina lake litabaki. Basi, ubishi bwana haufi hata kwa miaka minane.

"Ni mimi," akasema. "Mwenzangu alisahau tu kuzima."

Mama akaandika. "Naye alisema ni wewe. Nilikuwa kwake juma lililopita."

Mdogo akaketi. "Alisema nini kingine?"

Mama akafunga daftari. "Alicheka. Akasema, nenda kamuulize, utaona atanitaja mimi. Yule hawezi kunidhulumu."

Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. "Futa, mama. Andika yeye."

"Nitafuta. Lakini nimemwahidi kumwambia ulivyojibu, na mimi uongo siuwezi."

"Basi niache nimwambie mwenyewe."

Namba haikuwa imemtoka kichwani. Kaka akapokea, sauti imechangamka. "Mdogo wangu! Umemtaja nani?"

Akamwambia ukweli wote, bila kujitetea.

"Haya," kaka akasema. "Umekula?"

Kwa miaka minane hakuna aliyemuuliza mdogo hivyo.