Kitambaa Chekundu cha Tangi la Maji

Walimwita Mama Tangi, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa alilinda tangi la maji la mtaa, la saruji, refu kama nyumba mbili. Yaliyomo ndani aliyajua yeye tu, mpanda ngazi. Kila asubuhi mwenyekiti wa kamati ya maji alipita akisema, "Maji yapo, pangeni foleni." Wanawake wakapanga, jua likawachoma, bomba likakohoa hewa.

Mama Tangi akachoka kunyamazia uongo. Alifunga dumu tupu kwenye kamba, akaliacha lielee tangini. Kamba akaipitisha juu ya ukingo, na kwa nje akaning'iniza jiwe lililofungwa kitambaa chekundu. Maji yakishuka, kitambaa kinapanda.

Siku ya kwanza kitambaa kilikuwa juu kabisa. Mtaa mzima ukaja na ndoo, wakidhani tangi limefurika.

"Mama, umetuchezea shere," alisema jirani yake, fundi cherehani.

"Kosa ni langu. Alama isiyosomeka, mwenye kosa ni aliyeiweka."

Akatafuta rangi, akachora ukutani: juu ndoo iliyopinduliwa, chini ndoo iliyojaa. Hata asiyejua kusoma akaelewa.

Mwenyekiti akaja mbio. "Toa hicho kitambaa. Unatuvua nguo."

"Kwani mlizivaa lini, mwanangu?"

"Nitakufukuza kazi mkutanoni Jumamosi."

"Nifukuze. Funguo hizi hapa. Lakini kitambaa utakipandia ngazi mwenyewe, mchana kweupe, watu wakikutazama."

Mwenyekiti akaitazama ngazi, akawatazama wanawake walioketi juu ya ndoo zao. Hakupanda.

Jumamosi akasimama mbele ya mtaa, akakohoa kidogo. "Ndugu zangu, maji yapo ya kutosha."

Vichwa vyote viligeukia tangi. Kitambaa kilikuwa kimening'inia kando ya ndoo iliyopinduliwa.

"Geuka nawe utazame, mwenyekiti," alisema fundi cherehani. "Shingo haivunjiki."

Akageuka.

"Pampu imeharibika," alisema hatimaye. "Maji ni Jumatano."

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwatajia siku. Habari ya kumfukuza mtu ikafia hapohapo. Mama Tangi alikuwa ameketi nyuma kabisa, akipinda kitambaa kipya kwa sindano, kikubwa mara mbili ya kile cha kwanza.