Kangaga Nililolivisha Sanda

Mkasa huu barazani sijausimulia, maana wenzangu wangeniita Mzee Sanda mpaka kufa kwangu, lakini nyinyi nawaeleza, na kosa lilikuwa langu peke yangu.

Nilinunua kangaga kwa muuza miche wa Muheza, nikaliweka juu ya stuli kwenye pembe ya sebule yangu hapa Raskazone, mbali na jua, nikalipenda kupita kiasi (mke wangu Zuhura husema nalisalimia kabla yake, wala si uongo). Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo nalinywesha ya mvua, na majani yake nayarashia asubuhi na jioni. Ukaja ukame, ncha zikaanza kukauka, na adhuhuri moja nikaamua kulifunika kitambaa kibichi. Kilichokuwa karibu ni bafta ya sanda yangu, ambayo, kama wazee wengi wa huku, nimeiweka sandukuni pamoja na karafuu maiti. Nikasema nitaiondoa kabla wageni hawajafika, kisha nikajilaza kidogo.

Wageni wenyewe walikuwa watu wa Pangani, wanakuja kumposa mjukuu wetu Mwanaidi, ambaye alikuwa akimtaka kijana wao kwa moyo wote. Niliamshwa na hodi. Magharibi ilikuwa inaingia, na walipoketi tu umeme ukakatika.

Bibi yake kijana akavuta pumzi puani. "Mna msiba humu?"

"Hapana, mama," nikajibu.

"Mbona nasikia karafuu maiti?"

Hapo ndipo ningesema ukweli, tungecheka, yakaisha. Nikasema, "Ni udi tu."

"Udi naujua, baba."

Kutoka pembeni tone la maji likaanguka sakafuni, kisha jingine. Sote tukageuka, na kule gizani kulikuwa na kitu cheupe, kirefu kama mtu, na begani pake bafta ikainuka polepole kana kwamba aliyemo ndani amevuta pumzi (ni majani yalikuwa yakijinyoosha, nadhani), halafu ikateleza upande mmoja.

"Yule aliyesimama pale ni nani?" yule bibi akauliza, kwa sauti ndogo sana.

Nilitaka kwenda kuivuta ile nguo, nikabaki nimekaa. Mimi niliyeitandaza kwa mikono yangu. Ile ilikuwa sanda yangu, ilisimama kimo changu, nikaona kama ni mimi niliye pale, nimetangulia. Zuhura akatokea jikoni na taa, vivuli vya majani vikatambaa ukutani kama vidole, na mzee wao akaanza kusoma Ayatul Kursiy huku akitafuta viatu kwa miguu. Kahawa ilibaki imemiminwa.

Mwanaidi hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Babu, si ungewaambia?"

Kesho yake nilikwenda Pangani kueleza yote. Walinisikiliza kwa adabu, na posa waliikubali, ila yule bibi akasema, "Mtoto tunamtaka, baba. Nyumba yako mimi siingii tena." Tangu siku hiyo nimeapa, nikiulizwa jambo najibu lilivyo, hata likinivua nguo.

Ndoa ilifungwa Pongwe, kwa mjomba wake Mwanaidi. Tulikuwa tumeshapaka chokaa nyumba nzima kwa ajili ya siku ile, Zuhura akafunga mlango bila kunitazama, nikaenda harusi ya mjukuu wangu kama mgeni mwalikwa.