Mnavu wa Bibi na Nyuzi Zinazogandana

Sogea, msikilizaji wangu. Jambo lenyewe lina jina refu, lakini tukienda taratibu utalielewa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Handeni yamejaa mitumba na sabuni za kila rangi. Bibi mzaa mama aliishi peke yake Sindeni, na alikuwa ameanza kusahau. Siku moja nilimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni mke wa nani?"

Mjomba alikuwa amekwisha kuamua. "Ataunguza nyumba huyu. Tufunge mlango, aje kwangu Korogwe."

"Kwako nikale nini?" Bibi akamjibu. "Mkeo ugali wake kama uji wa mtoto mchanga!"

Tulicheka, lakini mimi niliogopa. Bila jiko lake na shamba lake, Bibi angekwisha upesi. Nikamsihi Mjomba tuanze na hospitali, akakubali.

Daktari alimtazama ulimi, akamgusa nyayo. Bibi hakuhisi kitu. Daktari akamuuliza anakula nini.

"Mboga ya mnavu. Nauchemsha, namwaga maji, nauchemsha tena, uchungu utoke."

"Na maziwa?"

"Mama wa Kimaasai ananiletea. Wanakunywa watoto wa jirani. Mzee anywe maziwa watoto wanamtazama? Huoni aibu, daktari?"

Baadaye, nikifundisha baiolojia, ndipo nilipoelewa. Mwili ukitumia protini ya chakula, hutokea kitu kiitwacho homosisteini. Folati ya mboga za majani, pamoja na vitamini B12 ya maziwa na nyama, hukigeuza kiwe cha manufaa. Folati nyingi huondoka na maji yanayomwagwa. Vitamini hizo zikipungua, homosisteini hujaa kwenye damu, na sehemu yake hujibandika kwenye protini. Protini ni kama uzi uliokunjwa kwa mpango. Ukibandikwa kitu, mkunjo huharibika. Umeona mkonge usiooshwa vizuri? Utomvu ukikaukia, nyuzi hugandana, hazisokoteki. Wataalamu wanadhani protini za ubongo nazo huweza kugandana vivyo hivyo, na kwamba hiyo ni njia mojawapo ya kuleta maradhi ya kusahau. Si njia pekee, wala si kila anayesahau hupona kwa vitamini.

Kwa Bibi, vipimo vilionyesha upungufu. Alichomwa sindano za B12, akapewa vidonge vya folati. Mnavu wake hakuuacha, ila aliongeza mchicha wa kupikwa kwa maji kidogo, na maziwa akanywa huku amewapa watoto mgongo. Mvua zilipokatika, aliniita kwa jina la utani la utotoni, lile linalonikera, nikalia kwa furaha. Njia ya kisimani haikumrudia kichwani, jirani alimsindikiza. Lakini Mjomba hakutaja tena kufunga mlango.

Basi mzee wako akianza kusahau, usiseme ni uzee tu. Mpeleke mapema akapimwe damu, na umweleze daktari anachokula na jinsi anavyokipika.