Ngoma ya Bibi Ilivyonyamaza Baharini

Bibi alifariki wakati wa palizi, na ngoma yake ya muheme, ile ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana mapajani, akaachiwa mama. Enzi za uhai wake bibi alikuwa akilalamika kwamba ngoma yenye sauti kama ile inaishia Mvumi na Dodoma mjini tu, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kwa hiyo mtu mmoja aliyewaona mama na wenzake wakicheza kwenye mahafali kule Chimwaga alipopiga simu, akitaka wakatumbuize watalii kwenye meli, mama hakuuliza mara mbili.

"Safari hii bibi yako atasikika," aliniambia.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya Kiingereza.

"Si uko kidato cha tatu? Utatusemea."

Mimi hata darasani nikiulizwa swali natazama dawati. Lakini kumkatalia mama kipindi kile, ningeanzia wapi?

Alfajiri tuliondoka Mvumi, wanawake watano na mimi, ngoma ikiwa imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Dodoma tukapanda treni ya umeme. Mama alikataa ngoma yake isiwekwe juu na mizigo. Aliipakata njia nzima. Dirishani nyika ya kijivu ikageuka kijani, na tuliposhuka Dar es Salaam hewa ikatupiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa.

Gongo la Mboto tulilala kwa mama mdogo Yudithi, mdogo wake mama. Mama akaifungua ngoma na kuigonga kwa kidole. Ikajibu kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Huku hata chumvi inatoka jasho, dada," mama mdogo akasema. "Sembuse ngozi?"

Wakawasha jiko la mkaa, wakaisogeza karibu, ikakaza. Sisi kwetu ndivyo tunavyofanya, ngozi ikilegea unaiotesha moto na inarudi. Tukalala tukijua dawa tunayo.

Asubuhi bandarini niliogopa. Meli ilikuwa ndefu kuliko shule yetu nzima, ghorofa juu ya ghorofa. Ingezunguka baharini kutwa, kisha jioni itie nanga Unguja. Kijana wa shati jeupe aliyetupokea alikuwa mchangamfu.

"Mtacheza saa kumi. Mpaka hapo pumzikeni tu, mfurahie bahari."

"Sasa mwanangu, moto tutaupata wapi?" mama akauliza.

"Moto wa nini, mama?"

"Wa kuotesha ngoma."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Moto? Kwenye meli? Mama, utatushusha wote majini!"

Wenzake mama nao wakacheka. Mama hakucheka.

Mchana ndio ulikuwa wa kupumzika. Wazungu walijilaza kwenye viti virefu, wengine wamefunika nyuso kwa vitabu. Juu kabisa kulikuwa na bwawa la kuogelea. Nilisimama nikalitazama muda mrefu: maji ya kuchezea, yamebebwa juu ya maji. Nikafikiria foleni ya madumu nyumbani. Tuliletewa juisi na keki, na wale wenzake mama wakavua viatu wakaanza kutaniana nani ana kiti chenye mwili kama wa mumewe. Lakini wingu lilikuwa limetanda, jua hakuna, na upepo ulikuwa na unyevu wa chumvi. Mama alikaa peke yake, ngoma mapajani. Kila mara aliigusa ngozi kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto.

"Imelala kabisa," aliniambia. "Nenda kaniombee kwa wapishi."

Nilipita mlango wa jikoni, nikarudi, nikaupita tena. Mwishowe mpishi mmoja, kaka Omari wa Tanga, ndiye aliyenisemesha.

"Vipi mdogo wangu, umepotea au una njaa?"

Nikamweleza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akaja mwenyewe kwa mama, akamwamkia shikamoo, akaibeba ngoma na kuiweka karibu na jiko la kuokea mikate.

"Mkubwa wangu akipita," akasema, "hii ni keki."

Hapo tu ndipo mama alipocheka siku ile.

Saa kumi ilipofika ngoma ilikuwa inalia kama iko nyumbani. Nilisimama mbele ya watu nikasema nilichokikariri: tunatoka Dodoma, hii ni muheme, na ngoma hii ilikuwa ya bibi yangu. Wimbo wa kwanza nilisahau aibu. Sauti ilikuwa ya bibi kabisa.

Katikati ya wimbo wa pili upepo ukageuka. Sauti ikaanza kushuka, kila pigo chini ya lililopita, mpaka ikawa kama mtu anapiga godoro. Mama akazidisha nguvu. Wenzake wakaongeza makofi na njuga kumfunika, na wimbo ukaisha hivyo.

Watalii wakasimama wote. Walishangilia, wakapiga picha. Mtalii mmoja mwanamke mwenye kofia akanishika mkono, akaniambia nimwambie mama.

"Kasema nini?" mama akauliza.

"Kasema ni nzuri sana. Hajawahi kusikia ngoma kama hii."

Mama akaifunika kitenge. "Hajaisikia," akasema.

Tulirudi kwa boti kutoka Unguja, kisha treni, na mara hii mama aliiacha ngoma iwekwe juu na mizigo. Nilijifunza kwamba unaweza kushangiliwa na watu wengi na ukarudi nyumbani hujasikika. Sijui kama nililitaka somo hilo.

Mvumi tulifika asubuhi. Niliitoa ngoma uani, nikaiweka juani, mama akaendelea kuchambua mchicha bila kugeuka. Kufika mchana ngozi ilikuwa imekaza. Niliigonga kidogo tu, ikalia mpaka kuku wakatawanyika.

Mama akainua kichwa. Aliitazama ngoma, si mimi.

"Sasa ndio unaongea?" akaiuliza. Kisha akarudi kwenye mchicha wake.