Kanda za Wafula

Jana jirani alichoma takataka nyuma ya nyumba, na harufu ya plastiki ikaingia jikoni kwangu. Nilizima jiko nikakaa chini. Harufu hiyo hunirudisha mtaa wa Huruma, kwenye chumba chetu cha kupanga, nikiwa na miaka tisa na mama akiwa mgonjwa.

Kaka yangu Wafula alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jioni alirudi macho mekundu, akanawa, akafungua boksi lake la kanda. Zilikuwa za bendi za hevi metal, zenye magitaa yanayonguruma kama posho mill ikisaga mahindi. Alizinunua moja moja kwenye rundo la mitumba. Kiingereza cha waimbaji wale alikishika nusu nusu. Mimi sikukishika kabisa.

Alikuwa na hoja moja, na hakuchoka kuieleza. Waimbaji wengine, alisema, wanakuwekea wimbo mmoja mtamu mwanzoni, halafu kanda iliyobaki wanaijazia makapi. Hawa hawabahatishi. Ili niamini, alinifumba macho kwa kiganja chake chenye harufu ya chuma, nichague kanda yoyote na kuipeleka mbele hadi popote nipendapo.

“Simamisha hapo,” alikuwa akisema. “Sasa sikiza.”

Nilimjaribu wiki nyingi, nikitamani sana kumnasa na wimbo mbovu. Nilipata mmoja tu, na hata huo, siku chache baadaye, nilijikuta nikiuimba nikiosha sufuria. Mama alicheka nyuma ya pazia alikolala, akasema heri kelele hiyo kuliko kimya cha wodi.

Mama alipozidiwa, baba aliita kikundi cha maombi. Waliomba siku tatu, mama akawa vilevile. Siku ya nne mhubiri alisema kuna kitu ndani ya nyumba kinachozuia maombi. Akainama, akanishika mabega, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu anayeleta vitu vya shetani hapa. Watu wazima wote waliniangalia. Sikuwa nimewahi kuangaliwa hivyo.

“Ni kanda za Wafula,” nikasema.

Nilipoona wametikisa vichwa kwa kuridhika, nikaongeza kwamba nyimbo zile huniumiza kichwa na kuniletea ndoto mbaya. Ulikuwa uongo mtupu.

Wafula alirudi kutoka kazini akakuta zinaungua uani, baba amesimama kando na kijiti. Baba alimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema, akamtaka achague: muziki ule au mama yake. Wafula alinigeukia mimi.

“Uliwaambia ulisikia nini ndani yake?”

Jioni hiyo alikunja nguo zake, akamuaga mama, akaenda kutafuta kazi Cheptiret, mji mdogo wa mbali.

Mama alifariki wiki mbili baadaye. Mhubiri alisema ni mapenzi ya Mungu, na hakuna aliyemkumbusha habari ya kanda. Mama tulimzika kwetu Bungoma. Wafula alikuja, akachimba kaburi na vijana wengine, akakataa chakula, akaondoka kabla wageni hawajatawanyika.

Sasa ana karakana yake Cheptiret, na watoto wanne. Mwaka jana nilienda kumwomba msamaha. Alisema nilikuwa mtoto, akamwambia mkewe aniwekee chai. Nikamuuliza kama bado anasikiliza muziki.

“Hapana,” akasema, akarudi kwa geti alilokuwa akilichomelea.

Kwa miaka mingi niliwalaumu baba na mhubiri. Baadaye nikaelewa kwamba baba aliogopa, na kwa kuwa ugonjwa hauchomeki, alichoma kilichochomeka. Yeye na mhubiri hawakuwahi kukaa na kusikiliza wimbo hata mmoja hadi mwisho. Chumbani mle, kando na mama ambaye hakuna aliyemuuliza, shahidi aliyejua ukweli alikuwa mmoja, mtoto wa miaka tisa. Wafula alikuwa amemfundisha kwa subira, wimbo baada ya wimbo, na ndiye waliyemuuliza.