Inanuka, Hainukii

Fundi Abdulkarimu wa Makandana hakupendwa, na yeye hakuomba kupendwa. Ukimpelekea pikipiki alikutazama kwanza wewe, kisha pikipiki, kisha akasema, "Umeiua mwenyewe." Watu walirudi kwake kwa shingo upande, maana alichokitengeneza kilitengenezeka. Nyusi hakuwa nazo. Ziliungua bandarini Itungi enzi za ujana wake, siku mwenzake alipowasha boti ya petroli bila kufungua kasha la injini kwanza. Huyo mwenzake walimzika kesho yake.

Miaka ya ruksa ilipoingia na biashara ikafunguliwa, wale waliozoea kupanga foleni siku tatu kwa dumu moja waliiona petroli ikiuzwa hadi kando ya barabara. Hapo ndipo upuuzi ulipoanza. Gari likipita, mtu mzima na akili zake anavuta pumzi na kusema, "Pananukia!" Kana kwamba kapitiwa na sahani ya pilau. Abdulkarimu alilichukia neno hilo kuliko alivyowachukia wezi wa spana.

Sasa yupo Ackson, mfanyabiashara wa Kiwira aliyenenepa kwa mitumba. Alinunua boti chakavu ya injini ya petroli, akapanga kubebea abiria Ziwa Nyasa. Lakini mtu wa sifa hawezi kungoja. Aliibeba kwa lori hadi Ziwa Masoko, lile dogo lililo ndani ya shimo la mlima, ili watu wa Tukuyu wamwone akizunguka. Alimwita Abdulkarimu aje kuikagua asubuhi, halafu hakumngoja.

Fundi alipofika na sanduku lake la vifaa, watu kumi na mmoja walikuwa wameshakaa ndani. Pembeni ya Lilian, mke wa Ackson, aliketi Ikram, binti pekee wa Abdulkarimu, kavaa gauni jipya.

Na boti ilikuwa inanuka.

Mvua ya Tukuyu haina adabu, kwa hiyo mtu wa huko hufunga nailoni kila kitu, kuanzia redio hadi kiti cha baiskeli. Ackson naye alikuwa ameyaziba kwa nailoni matundu yote ya hewa ya kasha la injini, na juu yake akatandika blanketi. Kutoka kwenye tangi ulitambaa mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, umelainika kwa petroli na kulowa kwenye kiungio.

"Shukeni," alisema Abdulkarimu. "Wote."

Ackson alicheka. "Gwe fundi, hata salamu hakuna? Sikia inavyonukia!"

"Inanuka. Hainukii, inanuka. Toa mkono kwenye swichi."

"Mafuta ni mafuta. Mashine yangu ya kusaga naiwasha na sigara mdomoni, mwaka wa sita huu."

"Ile ni ya dizeli, mpumbavu wewe! Petroli inatoa mvuke, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unashuka. Umejaa chini ya miguu yao, na wewe umeuzibia pa kutokea. Stata ikitoa cheche moja tu, utawazoa kwa beleshi."

"Wivu huo!" mtu alipiga kelele kutoka ndani. Wengine wakaangua kicheko. Ikram alijifunika uso kwa mtandio.

"Baba, niache japo leo," alisema.

Ackson, kwa kumkomesha fundi, akachomeka ufunguo. Abdulkarimu aliogopa, hofu ya kweli. Aliingia majini na viatu vyake, akamkaba Ackson mkono, akauchomoa ule ufunguo na kuutupa ziwani kwa nguvu zake zote.

Matusi aliyotukanwa siku ile hayaandikiki. Abiria walishuka mmoja mmoja, wakimpiga vikumbo kwa makusudi. Yeye alichana nailoni, akafungua kasha, akangoja upepo upite. Kisha akazamisha kitambaa sakafuni mwa boti, akakitoa kinachuruzika petroli, akamwonyesha Ackson.

"Matone tu," Ackson alisema, akatema mate.

"Weka mpira wa petroli. Ukijaza mafuta, abiria wawe nchi kavu. Kabla ya kuwasha, kasha likae wazi robo saa, na pua itangulie kabla ya ufunguo. Ukisikia harufu, huwashi."

"Nitakushtaki."

"Nishtaki."

Lori lilikuwa linapakia watu kurudi mjini. Fundi hakukaribishwa. Alimsogelea Ikram, aliyekwisha kukaa nyuma karibu na Lilian, gauni limelowa hadi magotini.

"Umeniaibisha, baba. Wote hawa watanicheka mpaka nife. Na hakuna kilichotokea! Umeona? Hakuna kilichotokea."

Abdulkarimu alimtazama, mikono yake, uso wake, nywele zake, kila kitu kipo mahali pake.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Hakuna kilichotokea."

Ikram akampa mgongo, na lori likaondoka.